Je, wajua tableti ya darasani inafaa kushikwa na nani?

Tuseme umepewa pesa ununue tableti za shule za msingi, alafu unaambiwa uchague mahali pamoja tu pa kuzipeleka: kwa watoto, kwa walimu, ama kwa yule afisa wa elimu anayezunguka shule kwa shule kuangalia vile walimu wanafundisha. Wengi wetu hapa Nairobi tungesema mtoto bila hata kufikiria, si yeye ndiye anasoma, na afisa naye tungemwambia ashike daftari na biro yake aendelee na kazi.

Basi hilo swali lilishajaribiwa hapa hapa Kenya, kule Kisumu, kwenye mradi wa kusoma na hesabu ulioitwa PRIMR, na matokeo yake yakachapishwa 2016. Kundi moja la shule, tableti zilienda kwa wale maafisa wanaotembelea walimu, siku hizo wakiitwa TAC tutor na sai ni CSO. Kundi la pili walimu ndio walipewa, kundi la tatu watoto wenyewe wakapata vifaa vidogo vya kusomea vitabu vya kidijitali, na kukawa na shule zingine ambazo mradi haukuziguza ndio kuwe na cha kulinganisha. Makundi yote matatu watoto walisoma vizuri kuliko zile shule ambazo hazikuguzwa, Kiingereza na Kiswahili pia. Lakini ukiyalinganisha hayo makundi yenyewe kwa yenyewe, hakukuwa na tofauti ya maana. Sasa piga hesabu ya bei. Afisa mmoja anatembelea shule nyingi, kwa hivyo tableti yake moja inafika madarasa mengi, lakini ukipeleka kwa watoto kila mtoto anataka kifaa chake na chaji yake na mtu wa kukitengeneza kikiharibika. Kwa kila shilingi iliyotumika, tableti ya afisa ndiyo ilifanya kazi kubwa zaidi.

Sasa kwa nini? Kwanza tuelewe kwamba kwenye hayo makundi yote watoto walikuwa na vitabu vizuri, walimu walikuwa na miongozo ya somo na walikuwa wamefunzwa kuitumia. Tableti ilikuja juu ya hayo, haikuja badala yake. Na kwa afisa ilifanya kazi moja inayoeleweka: inamwongoza aangalie somo lenyewe, aone mwalimu anafanya nini na anaruka nini, kisha anawaita watoto wachache wasome kwa dakika moja, na programu inamwonyesha maneno mangapi wamesoma sawasawa. Akimaliza anaketi na mwalimu wazungumze juu ya kile kimetokea siku hiyo, hao watoto, hilo somo. Si semina ya hotelini, si barua kutoka wizarani. Mwalimu anaambiwa mwalimu, herufi hii bado inawasumbua, rudi hapa, na huku somo bado liko kichwani mwake.

Serikali ilipoanzisha Tusome, ule mpango wa kufundisha watoto kusoma, mwaka 2015 kwa shule za umma nchi nzima, pamoja na shule nyingi za binafsi za bei nafuu kama zile zilizoko mitaa ya mabanda, hiyo njia ya maafisa ndiyo ilichukuliwa. CSO walipewa tableti zenye programu inaitwa Tangerine, ziara zikawa zinaonekana kwa GPS, na nauli ya afisa ikawa inalipwa kulingana na ziara alizofanya kweli. Hiyo ya nauli naipenda sana manake watu husahau afisa naye anapanda matatu na bodaboda, na kama hakuna wa kumrudishia hiyo pesa basi shule iliyo mbali haioni mtu muhula mzima.

Weka hiyo kando uangalie Peru. Kule nchi ilijitosa kwenye ule mpango wa kila mtoto na laptopu yake, na watafiti wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika, ile inaitwa IDB, wakafuatilia shule 319 za mashambani. Matokeo yakatoka 2012. Kompyuta zilifika kweli, kutoka karibu hakuna mpaka zaidi ya moja kwa kila mtoto, na watoto walizitumia. Alama za hesabu na lugha hazikusonga. Kuna vipimo vichache vya uwezo wa kufikiri vilivyopanda kidogo, hiyo ni haki isemwe, lakini lile jambo ambalo wazazi walikuwa wanalingojea halikuja.

Na sisi tuna yetu, kila mtu anaikumbuka. Kampeni ya 2013 ahadi ilikuwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza, baadaye ikageuka tableti, zikaanza kusambazwa 2016 na mwishowe vifaa zaidi ya milioni moja vikafika kwa shule zaidi ya 20,000, pamoja na laptopu za walimu na projekta. Mimi sisemi pesa zote zilipotea. Shule nyingi zilivutiwa stima kwa sababu ya huo mpango, na stima ikishaingia shule haitoki. Lakini tableti zingine ziliishia kabatini zimefungwa kwa kufuli, na ukiuliza unaambiwa mwalimu anaogopa zikiibiwa ama zikivunjika atalipa yeye, ama hakufunzwa azitumie vipi kwa somo la kesho asubuhi. Mwalimu hapo humlaumu, amepewa kifaa bila kupewa kazi ya kukifanyia.

Sasa twende darasani penyewe, manake huko ndiko jibu lilipo. Chukua darasa la watoto sitini na kitu, Kayole ama Mathare, mwalimu amemaliza kueleza sehemu kwa kumi, anageuka kutoka ubaoni anauliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima linaitikia, "Ndiooo mwalimu!" Kila mtu aliyesoma Kenya anaijua hiyo sauti. Ndani yake kuna watoto wameelewa, kuna wale wameelewa nusu, na kuna mtoto pale nyuma ambaye amepotea tangu gredi ya tatu lakini anaitikia kwa nguvu kuliko wote. Mwalimu hana njia ya kuwatenganisha. Akiuliza swali, mikono inayoinuka ni ya wale wale watano wa mbele. Daftari atasahihisha jioni kama zitamalizika, na kesho ni mada nyingine juu mtaala haungoji mtu.

Hilo ndilo tatizo ambalo teknolojia inaweza kulisaidia kweli, na cha kushangaza ni kwamba halihitaji vifaa vingi. Kuna programu inaitwa Plickers. Mwalimu ana simu moja, watoto wana kadi za karatasi zilizochapishwa, kila kadi ina mchoro wake na pande nne, A, B, C na D. Mwalimu anauliza swali, kila mtoto anainua kadi jibu lake likiwa juu, mwalimu anapitisha kamera ya simu polepole kwa darasa, na ndani ya muda mfupi anaona nani amejibu nini. Mtoto hawezi kuitikia na umati, na pia hawezi kuona aibu juu mwenzake akiiangalia hiyo kadi haioni kama jibu, anaona mchoro tu. Na kama huna simu ya hiyo kazi, vibao vidogo vya kuandikia na chaki vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, usingoje mfadhili.

Ukishapata majibu unafanya nini nayo? Hapa kuna mtu anaitwa Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, ambaye miaka ya 1990 alianza kufundisha kwa maswali. Wanafunzi wakipata swali karibu wote, anasonga mbele. Wakikosa wengi sana, anarudi kueleza upya. Wakiwa kati, tuseme kati ya asilimia 30 na 70 wamepata, hawaelezi kitu, anawaambia wageukiane wajadiliane alafu wajibu tena. Mara nyingi majibu sahihi yanapanda bila yeye kusema lolote, kwa sababu mwanafunzi ambaye ameelewa juzi tu bado anakumbuka mahali alipokuwa amekwama, na profesa alisahau miaka mingi iliyopita. Hii inafanya kazi na darasa kubwa pia, na sisi madarasa makubwa tunayo.

Projekta nayo iko na siri yake. PhET ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, ulianzishwa 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliyekuwa ametoka kupata Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia, na ni bure. Unaweza kuwaonyesha watoto vile stima inapita kwenye waya bila kununua hata balbu moja. Watoto wataangalia, watafurahi, na kesho yake hawatakumbuka. Mazur na wenzake walilipima hili jambo, wakachapisha 2004: wanafunzi walioangalia jaribio tu hawakuelewa zaidi sana ya wale ambao hawakuliona kabisa, lakini wale waliotakiwa kwanza kukisia nini kitatokea ndio walielewa vizuri. Kwa hivyo mwalimu, kabla hujabonyeza, simama. "Nikiongeza betri ya pili, balbu itafanya nini? Andika." Kila mtu aandike. Alafu bonyeza. Hizo dakika mbili za kuandika kwangu mimi zina thamani kuliko projekta yenyewe.

Na jaribio dogo la mwanzo wa somo, juu ya kile mlisoma wiki iliyopita, bila kufungua daftari, lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Roediger na Karpicke huko Marekani walionyesha 2006 kwamba waliosoma maandishi mara mbili walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuangalia. Simu inaweza kutuma maswali matatu kila asubuhi bila kuchoka. Mwalimu mwenye vipindi sita kwa siku anachoka.

Kuna jambo lingine ambalo bila hilo hata kifaa kizuri kinawasaidia wachache tu, nalo ni kiwango. Miaka ya tisini watafiti waligawa vitabu rasmi vya shule kule Busia, kila mtu akitegemea alama zipande. Zilipanda kwa wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri, wengine hapana. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vigumu, wengi walishindwa hata kuvisoma. Sasa weka kitabu hicho hicho kwenye tableti, umebadilisha nini? Hakuna. Kule Delhi programu ya Mindspark ilifanya kinyume, inampima mtoto kwanza alafu inaanza pale alipo kweli. Watoto wa darasa la sita walikuwa nyuma miaka miwili na nusu hivi kwenye hesabu, na baada ya miezi minne na nusu ya masomo ya baada ya shule waliwaacha wenzao mbali, kwa hesabu na kwa Kihindi. Lakini hata huko kulikuwa na mwalimu msaidizi aliyekaa nao kwa vikundi vidogo, nusu ya muda skrini, nusu ya muda mtu.

Ya intaneti nayataja haraka. Bando ni ghali na stima inapotea, kila mtu anajua, ndio maana vitu vilivyotengenezwa kwa hali yetu vinafaa kuangaliwa kwanza. Kampuni ya BRCK ya hapa Nairobi ilitoa Kio Kit mwaka 2015, sanduku moja gumu lenye tableti 40 zinazochajiwa humo humo ndani, na masomo yamehifadhiwa kwenye kifaa cha hapo hapo ndio darasa liendelee hata mtandao ukikosa. Kolibri nayo ni programu ya bure inayofanya hivyo kwenye kompyuta yoyote ya kawaida.

Kwa hivyo mkiitwa mkutano wa wazazi na muambiwe kila mtu achange pesa ya tableti, uliza mambo kabla ya kutoa M-Pesa. Mwalimu ataitumia kujua nini ambacho sai hajui? Masomo yaliyo ndani yanaanza kwa kiwango cha nani? Ikikufa betri nani anatengeneza, na kwa pesa gani? Na nani atakuwa anakuja darasani kukaa na mwalimu baada ya somo, wiki ya kwanza na pia muhula wa tatu? Ukiambiwa pesa ya kumfunza na kumsindikiza mwalimu haimo kwa bajeti, omba tableti zipunguzwe ndio ipatikane.