Pointi Zikilingana: Pakistan Walivyoikosa Nusu Fainali

Ligi ikielekea ukingoni, simu yangu haitulii. Mimi ni mtunza alama wa kriketi, na swali la manahodha ni lilelile: "Mwalimu, hawa tumelingana nao pointi, na uwanjani tuliwapiga. Inakuwaje wao wako juu?"

Huwa nawarudisha kwenye Kombe la Dunia la 2019, Uingereza. Timu kumi, mechi tisa kwa kila timu, nne za juu zinaingia nusu fainali. New Zealand na Pakistan walimaliza na pointi 11 kila mmoja: ushindi mara tano, vipigo vitatu, mechi moja ikaliwa na mvua. Na Juni 26, mjini Birmingham, Pakistan walikuwa wamewachapa New Zealand kwa wiketi sita (walifikia lengo wakiwa wamebakiza wiketi sita, yaani nafasi sita za wapigaji kutolewa). Waliopita ni New Zealand.

Aliyezoea makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ataona dhuluma hapo, maana kule timu zikilingana huangaliwa kwanza zilipokutana zenyewe. Kanuni za 2019 zilikuwa na mpangilio mwingine: pointi, halafu idadi ya ushindi, halafu neti ran reti (tofauti ya kasi ya kupata na kuruhusu mikimbio, yaani alama za kriketi), ndipo matokeo ya waliokutana. Kanuni ya nne haiguswi kama ya tatu imeshawatenganisha. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio usomwe kabla ligi haijaanza, si wiki ya mwisho watu wakiwa na hasira.

Neti ran reti hupatikana hivi: mikimbio yote uliyopata katika mashindano unaigawa kwa ova ulizopiga (ova moja ni mipira sita), kisha unatoa mikimbio yote uliyoruhusu ikigawanywa kwa ova ulizorusha. Ila kuna kifungu kinachoumiza. Timu ikitolewa yote, yaani wapigaji wake wakiisha, kabla ya wakati, inahesabiwa kuwa imepiga ova zake zote, ambazo katika Kombe hilo ni 50.

Sasa tazama Mei 31, Nottingham. Pakistan walitolewa wote kwa mikimbio 105 katika ova 21.4. Kwenye hesabu tunaandika 50, si 21.4, kwa hiyo kasi yao ni 2.10. West Indies wakafika 108 katika ova 13.4. Hapa wengi hukosea: 13.4 ni ova 13 na mipira minne, yaani mipira 82. Chukua 108, zidisha kwa 6, gawanya kwa 82, unapata 7.90. Tofauti ni hasi 5.80 kwa siku moja. Bila kile kifungu ingekuwa kama hasi 3.06.

Kesho yake, Cardiff, New Zealand waliwatoa Sri Lanka wote kwa 136, wakazifuta ndani ya ova 16.1 bila kupoteza wiketi. Chanya 5.75. Mwisho wa hatua ile New Zealand walikuwa na chanya 0.175, Pakistan hasi 0.430. Julai 5 Pakistan walipata 315 dhidi ya Bangladesh, wakawa wanatakiwa kuwatoa wote kwa mikimbio isiyozidi saba. Walishinda kwa mikimbio 94, wakarudi nyumbani.

Kifungu chenyewe nakiunga mkono kwa moyo wote. Bila hicho, timu ingeweza kupiga ovyo ova kumi, ikatolewa, na bado ikaonekana ina kasi nzuri. Ninachokitaka ni manahodha wajue hesabu yao kabla ya kuingia uwanjani, kwa sababu hata anayeshindwa anaweza kupita. Mei 18, 2024, katika IPL, ligi ya kriketi ya India, Royal Challengers Bengaluru walipata 218. Chennai Super Kings walihitaji 201 tu ili wasonge mbele, ushindi au kipigo. Ova ya mwisho ilianza wakidaiwa mikimbio 17. Mpira wa kwanza Dhoni, mpigaji wa Chennai, akaupiga na kupata mikimbio sita, wa pili akatolewa. Ova ikaisha Chennai wakiwa na 191. Timu zote mbili zikabaki na pointi 14, na Bengaluru wakapita kwa neti ran reti ya 0.459 dhidi ya 0.392.