Transista ya BJT: dhana potofu na ukweli wa grafu zake

BJT ni transista yenye miguu mitatu, besi, emita na kolekta: mkondo mdogo wa besi hudhibiti mkondo mkubwa wa kolekta. Husemwa: "Haiwaki mpaka volteji kati ya besi na emita ifike volti 0.7." Hakuna kizingiti kama hicho. Katika joto la kawaida la chumba, kila milivolti 60 unazoongeza kati ya besi na emita huzidisha mkondo wa kolekta takriban mara 10. Transista inayopitisha miliampea 1 kwenye volti 0.66 itapitisha kama miliampea 0.1 kwenye 0.60, na kama 10 kwenye 0.72. Kwa hesabu za haraka 0.7 inatosha, basi. Lakini ukiishikilia besi kwenye volteji isiyobadilika, emita ikiwa haina rezista, unajitafutia balaa: transista ikipata joto, mkondo unapanda, na mkondo ukipanda joto linazidi. Kwa mkondo uleule, volteji ya besi na emita hushuka karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi.

"Transista iliyoshiba hupitisha beta mara mkondo wa besi." Beta ni uwiano wa mkondo wa kolekta kwa mkondo wa besi, transista ikiwa haijashiba. Dhana hii ndiyo huwapoteza wengi, tena wakiwa na mita mkononi. Chukua saketi ya volti 5, rezista ya kiloomu 1 kwenye kolekta, beta 100, kisha tia miliampea 1 kwenye besi. Beta inakuahidi miliampea 100. Mita itasoma 4.8 hivi, maana rezista hairuhusu zaidi. Kolekta imeshuka hadi volti 0.2 au chini yake juu ya emita, yaani iko chini ya besi, kwa hiyo hata makutano ya besi na kolekta yamepata volteji ya mbele, yaani ya upande unaopitisha mkondo. Kushiba ni hali hiyo ya makutano, wala si wingi wa mkondo. Ukiweka rezista kubwa kwenye kolekta, transista itashiba ikiwa inapitisha mikroampea 50 tu. Na ikishashiba sana, huchelewa kuzima, kwa sababu chaji iliyorundikana ndani lazima iondoke kwanza.

Beta yenyewe watu huikariri kana kwamba ni namba moja. Majedwali ya BC547, transista ndogo inayotumika sana, huitaja kuanzia 110 hadi 800 kwa mkondo wa miliampea 2. Saketi inayodai beta iwe 200 kamili imeshaharibika kwenye karatasi.

Kwenye grafu ya mkondo wa kolekta dhidi ya volteji yake, mistari ya eneo tendaji (ambamo transista imewaka bila kushiba) nayo huchorwa bapa vitabuni. Kwa kweli hupanda kidogo: volteji ya kolekta ikiongezeka, upana unaofanya kazi wa besi hupungua na mkondo huongezeka. Mhandisi James Early alieleza jambo hilo mwaka 1952.

"Diodi mbili zikiunganishwa mgongo kwa mgongo ni transista." Mita itakubali, saketi itakataa: bila besi moja nyembamba mno kati yao, chaji za emita haziifikii kolekta.

Wapo pia wanaoamini emita na kolekta zinabadilishana nafasi. Ukizigeuza itafanya kazi, ila kwa beta ndogo sana, na makutano ya emita ya BC547 yamewekewa kikomo cha volti 6 tu za kinyume.