Vazi kavu la mpiga mbizi ni nini?

Silfra ni ufa uliojaa maji katika Hifadhi ya Taifa ya Þingvellir, Iceland. Maji yake yanatokana na barafuto (mto mkubwa wa barafu ya kudumu) ya Langjökull. Yanachujwa polepole ndani ya miamba ya volkano kabla ya kufika hapo, na mwaka mzima hubaki kati ya nyuzi joto 2 na 4. Ni maangavu mno. Mtu huona hadi mita 100 mbele yake. Wapiga mbizi hukaa chini nusu saa na zaidi, kisha hutoka na nguo za ndani kavu. Wanachovaa ni vazi kavu: vazi lisiloingiza maji, lililobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono kwa mpira laini, lenye zipu isiyovuja na viatu vilivyoungwa nalo moja kwa moja.

Haja ya vazi hilo inatokana na tabia ya maji yenyewe. Uwezo wake wa kupitisha joto ni takriban mara 25 ya ule wa hewa. Chumba chenye nyuzi 25 ni cha starehe, lakini ukikaa saa nzima ndani ya maji ya nyuzi hizohizo utatetemeka. Ndiyo sababu hata huku kwetu Pemba na Mafia, ambako bahari ina joto, wapiga mbizi huvaa mpira mwembamba.

Mpira huo ni vazi la aina nyingine, la neoprini, nalo huruhusu maji kidogo kuingia. Wengi huamini kwamba maji hayo, yakishapashwa na mwili, ndiyo yanayokutia joto. Sivyo. Kinachozuia joto lisitoroke ni vipovu vya gesi vilivyofungiwa ndani ya mpira. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliliona hili mwanzoni mwa miaka ya 1950: ngozi ikilowa si neno, mradi vazi lenyewe lina hewa ndani yake. Maji yaliyoingia hayadhuru yakiwa yametulia. Vazi likipwaya, maji baridi huingia na kutoka kila unapojigeuza, na mwili huanza upya kuyapasha. Kwa hiyo mpira mnene unaopwaya unaweza kukuacha na baridi kuliko mwembamba uliokukaa sawasawa.

Tatizo la vipovu ni kina. Juu ya maji mgandamizo ni angahewa 1. Ukifika mita 10 ni 2, na gesi inayoweza kubanwa hubaki nusu ya ujazo wake. Mita 30 ni 4, hubaki robo. Mpira uliokuwa mnene ufukweni hukonda ukiwa chini, na mara nyingi hukondea palepale ambapo maji ni baridi zaidi.

Vazi kavu lina dawa ya hilo. Bomba jembamba la kupitisha hewa hutoka kwenye mtungi hadi kifuani, na kadiri unavyoshuka unabonyeza kitufe kuongeza hewa kidogo. Hewa hiyo hukaa katikati ya nyuzi za nguo nzito za ndani, nayo ndiyo blanketi. Gamba la nje, hasa likiwa la kitambaa chembamba, halina joto lolote la maana. Ukivaa fulana tu ndani yake utaganda. Wanaokwenda kina kirefu wakivuta mchanganyiko wenye heliamu hawaitumii gesi hiyo kujaza vazi, kwa kuwa hupitisha joto karibu mara sita kuliko hewa. Baadhi yao hubeba chupa ndogo ya agoni, gesi isiyopitisha joto kirahisi. Chupa hiyo haiunganishwi kamwe na kipumulio, maana agoni haina oksijeni na kuivuta ni kifo.

Hewa hiyohiyo inaweza kuwa hatari. Ukipanda hupanuka, na usipoitoa kupitia vali ya mkononi, vazi huvimba na kukurusha juu bila hiari yako. Mtu asilivae kabla ya kufundishwa na kulizoea katika maji ya kina kifupi.

Hata vazi likiwa zuri, mikono hupoa mapema. Vidole vikifa ganzi huwezi kufungua bizimu za mikanda wala kubonyeza vali, kwa hiyo glavu ni kifaa cha usalama. Kuna pia suala la nitrojeni, gesi ya hewani inayoyeyuka mwilini ukiwa chini. Majaribio ya Jeshi la Majini la Marekani yaliyoripotiwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba mpiga mbizi aliyekuwa na joto chini kisha akapoa wakati wa kupanda hupata ugonjwa wa mgandamizo, yaani vipovu vya gesi hiyo mwilini, kwa urahisi zaidi, kwani damu hupungua kwenye viungo vilivyopoa na gesi huchelewa kutoka. Ukianza kutetemeka, mwashirie mwenzako na mwanze safari ya juu, taratibu kama mlivyopanga, mkiwa bado na joto la kuwafikisha.