Jeni zinazohama kwenye planktoni: dhana potofu na ukweli

Dhana: Viumbe wa planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) wenye jenomu ndogo, yaani DNA yao yote kwa jumla, hawabebi jeni zinazohama, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhamia mahali pengine.

Dhana hii ilipata nguvu mwaka 2005, jenomu ya bakteria Pelagibacter ubique iliposomwa yote: herufi za DNA milioni 1.3, bila transposoni (vipande vinavyoruka ndani ya jenomu) wala plazmidi (viduara vya DNA vilivyo nje ya kromosomu). Lakini bakteria mmoja si bahari nzima. Prochlorococcus, bakteria mwingine wa baharini, naye ana jenomu ndogo, mara nyingi ya herufi milioni 1.7 hivi, na mwaka 2023 watafiti walieleza vipande vinavyohama ndani yake, wakaviita taikiposoni. Hujipachika kwenye jeni za tRNA (molekuli zinazosaidia kutengeneza protini), na baadhi hubeba jeni za kutumia naitreti au kunasa chuma, virutubisho ambavyo ni haba katika sehemu kubwa ya bahari kuu.

Dhana: DNA inayopita kwenye chujio la mikromita 0.2 ni ya virusi.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Pamoja na virusi hupita vifuko vya utando vinavyotolewa na bakteria (vya Prochlorococcus vilithibitishwa mwaka 2014 kwamba hubeba DNA) na pia DNA huru ya seli zilizopasuka. Ukivuta maji kwa nguvu mno, unazipasua mwenyewe.

Chuja taratibu. Ili kukusanya virusi, tia kloridi ya chuma kwenye maji yaliyopita chujio hadi kila lita ipate miligramu 1 ya chuma, subiri saa 1, kusanya mashapo kwenye chujio la mikromita 1, kisha yayeyushe kwa bafa ya askobati (chumvi ya vitamini C) yenye magnesiamu na EDTA, kemikali inayokamata metali. Kabla ya kufungua chembe, ondoa DNA huru kwa DNase, kimeng'enya kinachokatakata DNA. Kimeng'enya hiki kinahitaji magnesiamu, nayo EDTA huikamata. Ndiyo maana bafa huwa na magnesiamu molari 0.2 kwa EDTA molari 0.1. Ukibadilisha vipimo hivyo kinyume, DNase haifanyi kitu, na mabaki ya seli utayahesabu kuwa virusi. Hata ikifanya kazi vizuri, vifuko na virusi vyote huikinga DNA iliyomo ndani, kwa hiyo vitenganishe kwa msongamano kwenye sentrifuji.

Dhana: Jeni inayohama isiyoonekana kwenye jenomu zilizounganishwa kutoka vipande vifupi vya DNA haipo.

Vipande vilivyosomwa vya herufi 150 haviwezi kuvuka sehemu inayojirudia yenye maelfu ya herufi, hivyo uunganishaji hukatika palepale. Tumia usomaji mrefu, yaani wa vipande virefu vya DNA, au jenomu za seli mojamoja.

Dhana: Jeni zinazohama ni vimelea tu, hazina faida kwa mwenyeji.

Baadhi ni vimelea kweli. Lakini mtazame Cafeteria, kiumbe wa seli moja anayekula bakteria. Mavirus, virusi vidogo vya herufi 19,000 hivi, vinaweza kukaa ndani ya jenomu yake vikiwa vimelala. Virusi vikubwa vya CroV vikimvamia, mavirus huamka na kuzaliana. Seli iliyovamiwa hufa hata hivyo, ila mavirus iliyotoka humo huzuia CroV kuzaliana katika seli jirani, na katika majaribio ya maabara kundi lilinusurika.