Kwa nini dokta wa meno anataka radio kabla ya kufunga vyuma?

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alimpeleka binti yake wa miaka 12 kwa dokta wa meno hapa Lubumbashi akiwa na shida moja tu: mtoto afungwe vyuma, yaani bage kama wengi tunavyoviita. Chonge la juu upande wa kulia lilikuwa bado la utoto, dogo na limesagika, na mwenzake wa kushoto alishaota zamani. Dokta akatazama, akapapasa ufizi kwa kidole, kisha akaandika karatasi ya radio, yaani picha ya eksirei. Yaya akarudi nyumbani na hasira. "Meno si yanaonekana? Radio ya nini tena?"

Swali lake lilikuwa la haki, maana radio ni pesa nyingine. Ila kinachoonekana mdomoni ni kichwa cha jino tu. Chonge la juu la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 27, na kama 17 kati ya hizo ni mzizi uliozama mfupani. Watafutaji madini wa Katanga wanalijua ua la shaba, mmea unaostawi kwenye udongo wenye shaba. Ukiliona unajua chini kuna kitu, lakini halikwambii kiko kina gani wala kimelala vipi. Jino nalo ni hivyo hivyo.

Na vyuma vinafanya kazi huko huko chini. Waya unasukuma jino lote na mzizi wake, pole pole. Upande jino linakoelekea, chembe za mwili zinakula mfupa. Upande linakotoka, chembe nyingine zinajenga mfupa mpya. Mwendo wenyewe ni kama milimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo dokta lazima ajue njiani kuna nini.

Radio ya kwanza inaitwa panoramiki. Mtoto alivua hereni na vibanio vya nywele, akasimama wima, akauma kijiti cha plastiki, na mashine ikamzunguka kichwa kwa sekunde chache tu. Ikatoka picha moja yenye taya zote mbili: meno yaliyoota, mizizi yake, na meno ambayo bado hayajazaliwa. Chonge la kulia lilikuwepo. Lilikuwa limelala mshazari ndani ya mfupa, ncha yake ikielekea mzizi wa jino la mbele.

Jambo hili si la ajabu sana. Katika watu 100, kama 2 hivi wana chonge la juu lililokwama. Hatari yake ni kwamba chonge likigandamiza mzizi wa jirani linaweza kuula mpaka ufupike, na mtu hasikii maumivu yoyote. Sasa fikiria waya unausukuma mzizi huo huo kulielekea jino ambalo hakuna aliyejua lipo. Kuna pia watoto ambao jino fulani halikuumbwa kabisa. Ukiwang'oa la utoto kwa haraka, pengo linabaki, kwa sababu hakuna mrithi.

Radio ya pili, teleradio, inapigwa kwa upande na kuonyesha fuvu, taya na midomo. Mwaka 1931 madokta wa meno wawili, Broadbent huko Marekani na Hofrath huko Ujerumani, walieleza namna ya kuipiga kwa kipimo: kichwa kinashikwa mahali pamoja, mashine inakaa umbali ule ule, ili picha ya leo ilinganishwe na ya miaka miwili ijayo. Dokta anachora mistari na kupima pembe, ajue kama shida ni meno yaliyopinda au taya moja iliyobaki nyuma. Hata pingili za shingo zinaonekana, na umbo lake linaeleza kama mtoto bado ana ukuaji mbele yake.

Hapa nina neno. Wastani wa pembe hizo ulipatikana kwanza kwa kupima Wazungu. Wengi wetu tuna meno na midomo iliyosogea mbele zaidi, na huo ndio uso wetu, si ugonjwa. Mzazi ana haki ya kumuuliza dokta anampima mtoto kwa wastani wa nani, hasa akiambiwa meno mazima yang'olewe ili midomo irudi nyuma.

Yaya aliogopa mionzi pia. Sishangai. Sisi ni watu wa mkoa uliotoa uraniamu ya mgodi wa Shinkolobwe, iliyotumika kutengeneza mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Lakini jiwe la uraniamu linatoa mionzi mchana na usiku, na mashine ya radio inaitoa kwa sekunde zile tu inapowashwa. Ikizimwa, hakuna kinachobaki mwilini. Kipimo cha panoramiki moja ni sawa na mionzi ambayo kila mtu anaipata kwa siku chache kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Hata hivyo radio isipigwe bila sababu, na mama mjamzito amwambie dokta mapema. Kurudia radio vyuma vikiwa mdomoni kwa miezi kadhaa ni sababu nzuri, kwa sababu mizizi ya watu wengine inafupika wakati wa kuvutwa na dokta anapaswa kuliona hilo mapema.

Mtoto wetu hakufungwa bage. Aling'olewa chonge la utoto, kwa kuwa katika umri wake kufungua njia hivyo mara nyingi kunatosha jino kujirekebisha na kushuka lenyewe. Likikataa, itabidi lifunuliwe kwa upasuaji mdogo na kuvutwa kwa mnyororo mwembamba. Bahasha ya radio iko juu ya kabati la yaya, ikingoja ya pili ya kulinganisha nayo. Kila asubuhi akinawa uso, mtoto anapapasa ufizi pale kwa kidole. Juzi alimwita mama yake aje ashike naye: kuna kitu kigumu.