Ukigonga laiki, unapiga kura

Mtu ameuliza mtandaoni kwa nini kompyuta yake inazimika kila ikipata moto. Majibu kumi na mawili yameingia. La kwanza, lililowahi dakika mbili tu baada ya swali, linamwambia anunue mashine nyingine, na lina laiki arobaini. La tisa limeandikwa na mtu aliyetulia: fungua kifuniko cha chini, puliza vumbi kwenye feni, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya. Hilo lina laiki tatu. Wengi hawakushuka mpaka huko.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu tunaofundisha matumizi ya mtandao tunakutana na dhana ileile kila siku, kwamba kugonga laiki au "asante" ni adabu tu, kama kuitikia salamu. Adabu ni kweli. Lakini nyuma ya kitufe kuna programu inayohesabu kila mguso na kuamua jibu la nani likae juu na la nani lizame. Anayeshukuru anapiga kura, ajue asijue.

Mambo haya yalianza kabla ya dole gumba la Facebook, lililokuja Februari 2009. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia iliyoanzishwa 1997, iliwagawia baadhi ya wanachama pointi chache za kupima maoni ya wenzao, na kila oni likawa na alama kati ya -1 na 5. Reddit, jukwaa la majadiliano, ikaja 2005 na mishale miwili, wa kupandisha na wa kushusha. Stack Overflow, wanakoulizana waandika programu tangu 2008, ilikwenda mbali zaidi. Jibu lako likipigiwa kura ya kupandisha unapata pointi 10, na aliyeuliza akilikubali unaongezewa 15. Likishushwa unapoteza 2, ila aliyelishusha naye anakatwa 1. Kanuni hiyo ya mwisho naipenda sana. Mtu akijua kwamba kumkosoa mwenzake kutamgharimu japo kidogo, hufikiri kwanza.

Sasa tuje kwenye uzito wa kura yenyewe, maana kura hizi hazilingani. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor. Walichukua maoni zaidi ya 100,000 kwenye tovuti moja ya habari, wakayachagua baadhi bila kuangalia ubora wake na kuyapa kura moja ya kupandisha mara tu yalipoandikwa. Msomaji wa kwanza aliyekuta kura hiyo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 32, wa kuongeza ya kwake. Mwishowe maoni hayo yalipata wastani wa alama zilizozidi za mengine kwa asilimia 25. Kura moja ya bahati nasibu! Yaliyoanzishwa na kura ya kushusha hayakuporomoka vile, kwa kuwa wasomaji wengine waliyanyanyua. Kwa hiyo kundi hujua kurekebisha lawama isiyo ya haki, lakini sifa isiyo ya haki huifuata tu.

Wahandisi wanalijua tatizo hili, na wamejaribu kulitibu kwa hesabu. Tuseme jibu moja lina kura 2, zote nzuri, na jingine lina kura 100, nzuri 95. Kwa asilimia tupu la kwanza linashinda, 100 kwa 95. Akili inakataa, na ni haki ikatae, kwa sababu watu wawili ni wachache mno kuwa ushahidi. Mwanahisabati Edwin Wilson alionesha mwaka 1927 njia ya kukadiria kiwango cha chini tunachoweza kukiamini kutokana na sampuli ndogo. Kwa njia yake, jibu la kura mbili linashuka hadi kama asilimia 34, na lile la kura mia linabaki karibu 89. Reddit iliingiza hesabu hiyo mwaka 2009 katika kupanga maoni, ili jibu zuri lililochelewa lipate nafasi ya kupanda.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haiwezi kujua nia ya mgongaji. Wapo wanaokubaliana "nigongee, nitakurudishia", na kwangu hilo ni kuwaibia wasomaji wanaotegemea alama hizo kupata msaada. Lingine ni hasira. Facebook ilipoongeza nyuso ndogo za kuonesha hisia (emoji) mwaka 2016, wengi walifurahi kwamba hawatalazimika tena kuweka dole juu ya habari ya msiba. Nyaraka za ndani za kampuni hiyo zilizoripotiwa na vyombo vya habari mwaka 2021 zikaonesha kwamba kuanzia 2017 uso mmoja, hata ule uliokunja ndita, ulihesabiwa sawa na laiki tano. Aliyegonga hasira ili kukemea uchochezi alikuwa anausambaza. Uzito wa uso huo ulikuja kuondolewa, ila jambo lisilokupendeza ni afadhali ulipite, au uliripoti kwa wasimamizi kama linavunja kanuni.

Shukrani isiyo na mbio za alama nayo ipo. Wikipedia iliweka kitufe cha kumshukuru mhariri mwaka 2013. Ukikibonyeza, mhusika anapata taarifa kwamba umeithamini kazi yake, basi. Hakuna namba inayotokea kando ya makala, wala makala haipandi popote.

Nawasihi wanaosoma majadiliano washuke hadi chini kabla ya kugonga chochote, na palipo na uwezo wa kupanga upya majibu, wayatazame mapya kwanza. Kubwa zaidi, aliyesaidiwa arudi. Yule mwenye kompyuta akirejea kesho yake na kuandika chini ya jibu la tisa, "Nimesafisha feni na kupaka pesti, leo imekaa saa sita haijazima", kisha akagonga kukubali, atakayekuja mwakani na mashine inayochemka hatalazimika kupita kwanza kwa yule aliyesema inunuliwe nyingine.