Bwana mwenye mkono: yanayosemwa kuhusu kurusha madadu

Mtaani kwetu Kikwajuni ludo huchezwa barazani baada ya Alasiri mpaka iadhiniwe Magharibi, na hakuna baraza isiyokuwa na bwana wake anayesifiwa kwamba "ana mkono". Akitaka sita, inatoka sita. Kwa hiyo vijana walipoanza kuangalia kwenye simu mafunzo ya kurusha madadu kwa ustadi katika krapsi, ule mchezo wa kasino wa madadu mawili, hawakuona ajabu. Walisema, kumbe hata Wamarekani wana mabwana wa mkono, na wanalipisha ada.

Kamari kwetu ni haramu, hilo halina mjadala, na wapo masheikh wanaolikataza dadu lenyewe hata pasipo na pesa. Waulizwe wao. Mimi nina ugomvi na hesabu tu.

La kwanza linalosemwa: mkono uliofundishwa unaamuru dadu. Barazani ni kweli, mara nyengine. Mwangalie huyo bwana wetu vizuri: kikopo anakitikisa kwa sauti kubwa, lakini analiachia dadu chini kabisa, karibu na ubao, likateleza badala ya kubingirika. Mwaka 2012 Tomasz Kapitaniak na wenzake wa Poland walichapisha utafiti kuhusu mwendo wa dadu. Walionyesha kuwa dadu hufuata kanuni za mwendo kama jiwe lolote, na kwamba uso uliokuwa chini wakati wa kurushwa una nafasi kubwa kidogo ya kuishia chini. Lakini kila likidunda, nafasi hiyo inapungua.

Waliotengeneza meza ya krapsi wanalijua hilo. Mwisho wa meza pana ukuta uliovishwa mpira wenye vichongoka kama piramidi ndogondogo, na kanuni inataka madadu yote mawili yaupige. Kuyatelezesha hakukubaliki. Madadu yenyewe si haya yetu ya dukani yenye pembe za mviringo na mashimo ya nukta: yana kingo kali, na mashimo yake hujazwa rangi yenye uzito sawa na dadu lenyewe.

La pili ndilo linalowapata wengi: ukijua kuyapanga madadu mkononi, saba zimeshapungua. Saba, yaani jumla ya madadu yote mawili, ndiyo roho ya krapsi. Kwenye mrusho wa kwanza inakupa ushindi, lakini ikishawekwa namba ya kurudiwa (4, 5, 6, 8, 9 au 10) saba inakutoa. Madadu mawili yana njia 36 za kuanguka, na 6 kati ya hizo ni saba, yaani mara moja katika kila sita.

Wafundishaji wanataka dadu lizunguke kama gurudumu la gari la ng'ombe kwenye mti wake, bila ya kuyumba. Haya, tuwakubalie. Weka 1 na 6 ubavuni kwa madadu yote mawili: kila moja limebakiwa na 2, 3, 4 na 5. Njia ni 16, na saba ni 4. Robo nzima! Umejiongezea saba kwa juhudi zako mwenyewe, isipokuwa madadu yote mawili yazunguke sawasawa kama pacha. Sasa la pili liweke 2 na 5 ubavuni, libakiwe na 1, 3, 4 na 6. Saba zinakuwa 2 tu katika 16. Hesabu hii mtu anaweza kuifanya barazani kwa kidole, na ni sahihi. Kinachokosekana ni dadu litakaloendelea kuzunguka kwenye mti wake baada ya kugonga vile vichongoka.

Halafu wanatajiwa walioshinda. Patricia Demauro, tarehe 23 Mei 2009 huko Atlantic City, Marekani, alirusha mara 154 kwa saa 4 na dakika 18 kabla ya saba kumtoa. Ni kweli, lakini mama huyo alikuwa mgeni wa mchezo, hakuwa mwanafunzi wa mtu. Mwaka 2004 kulikuwa na dau maarufu la Stanford Wong, mwandishi wa vitabu vya kamari: mirusho 500, na saba ziwe chini ya 79.5. Zilitoka 74, pale ambapo bahati tupu ingetoa kama 83. Dau lilishinda, na mpaka leo linatajwa kuwa ni ushahidi. Ila mtu anayerusha ovyo kabisa naye atapata 74 au chini yake kiasi cha mara moja katika kila majaribio saba. Aliyepunguza saba kutoka moja katika sita hadi moja katika sita na nusu angehitaji mirusho zaidi ya 3,000 ndipo tuanze kumsadiki.

Na ile ya kusema saba haijatoka muda mrefu, kwa hiyo imekaribia? Dadu halikumbuki.

Juzi tulimjaribu bwana wetu. Tuliegemeza ukutani kipande cha tairi la pikipiki, upande wa meno, tukamwambia kila mrusho upige hapo, naye ataje anachokitaka kabla. Kijana mmoja akawa anahesabu kwa komwe za bao, rundo la kupatia na rundo la kukosa. Haikuchukua muda rundo la pili likawa halitoshi komwe. Bwana akasema tairi limepinda, akaomba arudishiwe kikopo chake.